Mtoto Aliyekubali Kila Kitu

Marahaba, wanangu. Mnaniamkia kwa heshima ya bibi kizee kwa sababu tu mmesikia nimestaafu. Nina miaka arobaini na saba. Hakuna aliyenistaafisha, barua ya kuacha kazi iliandikwa na miguu yangu yenyewe. Siku hizi nafuata minada, nauza ndoo na mabeseni. Leo Katoro, wiki ijayo Kahama upande wa Buzwagi, nikichoka narudi Didia nilikozaliwa. Nikikaa Didia siku tatu naanza kulikumbuka vumbi la Katoro. Mume wangu anasema kuku wetu wakiniona nafunga kanga wanalala chini wenyewe wafungwe miguu.

Huko minadani ndiko mnakonikamata. Mmoja ameanza ustawi wa jamii, mwingine ni nesi mpya, mwingine mwalimu wa malezi, wote mna mafaili mapya na kalamu mbili mfukoni. Mnanunua beseni ambalo hamlihitaji, halafu mnaulizia pembeni: "Anti, mtoto mdogo akiwa amefanyiwa ukatili wa kingono, mtu unajuaje?" Naona jinsi mnavyoshika kalamu. Mnataka orodha.

Nawapenda kwa hilo, maana orodha nilikuwa nayo mimi.

Niliipata kwenye semina ya siku mbili, nikiwa bado najitolea kwenye shule ya Didia. Tulipewa chai, chapati na karatasi ya dalili. Kukojoa kitandani. Hasira. Kushikilia nguo ya mama. Kuogopa giza. Kukataa kula. Jumatatu nikaingia darasa la awali na karatasi yangu, nikaweka vyema kila mahali. Kufika mchana nusu ya darasa walikuwa wameumizwa. Nikapeleka majina kwa msimamizi wangu, nikiona kijiji chote kimeoza.

Msimamizi akasoma hadi mwisho. Akaniuliza, "Huyu wa saba si mwanao?"

"Ndiye."

"Anakojoa kitandani?"

"Tangu azaliwe."

"Na wewe mwenyewe uliacha lini?"

Nikakunja karatasi yangu nikaondoka. Nyumbani nilijaribu ile karatasi kwa mume wangu. Hasira anazo, giza anaogopa, mlenda hali. Alipata alama nyingi kuliko mtoto yeyote wa darasa.

Sisemi karatasi ni mbaya. Nasema dalili peke yake inakuambia utazame, haikuambii umeona. Mtoto anakojoa kitandani kwa sababu ni mtoto, au kwa minyoo, au kwa sababu kuna mdogo wake amezaliwa. Swali lenye kazi ni hili: mtoto huyu alikuwaje mwezi uliopita, na ni nini kimebadilika? Hilo anayelijua ni mama, bibi, mwalimu, yule anayelala naye kitanda kimoja. Kaa nao. Kunywa uji wao. Acha kalamu mfukoni kidogo.

Kutoka hapo miguu ikanipeleka Geita, nikapata kazi kwenye kituo cha kupokea watoto na akina mama waliofanyiwa ukatili. Elimu yangu ni kidato cha nne, kwa hiyo sikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa nawapokea wanaofika, natafsiri Kisukuma, naandika. Mkubwa wangu alikuwa muuguzi mmoja, Sista Mwanaidi, Mzaramo wa Pwani, mfupi, mwenye kicheko cha kumwamsha mgonjwa. Mnajua sisi na Wazaramo ni watani. Siku ya kwanza kuniona alisema, "Mungu wangu, nimeomba msaidizi wameniletea Msukuma. Haya, kaa, ila ng'ombe wako wabaki nje." Nikamwambia Mzaramo aliyefika Geita kwa miguu yake bila kupakiwa garini na ndugu zake ni wa kuwekwa makumbusho. Tukaanza kazi.

Sasa niwape habari ya Kabula, ambaye kwake niliharibu, na karibu niharibu moja kwa moja.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja anakimbia, amemshika mkono binti wa miaka sita. Huyo ndiye Kabula. Mkojo wake ulikuwa na damu. Mama Kabula alikuwa ameshahukumu: kwenye chumba cha nyuma alipanga Masanja, kijana mchimbaji, asiye na mke, anayeshinda kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kurudi mwekundu wa udongo. Nani mwingine? Majirani walikuwa wameshamburuta Masanja hadi polisi. Aliyewaongoza alikuwa Baba Furaha, mwenye duka la pale jirani, mtu wa watu, anayewasaidia akina mama kubeba maji. Ndiye aliyewaleta Mama Kabula na mtoto kituoni kwa pikipiki yake. Akakaa kwenye benchi nje, akaninunulia na soda. Nikainywa.

Sista Mwanaidi alikuwa ndani na mgonjwa mwingine. Akachungulia mlangoni akasema, "Mpe mtoto uji. Mwonyeshe choo kilipo. Usimuulize kitu mpaka nije."

Mlango ulipofungwa nikamuuliza.

Mnacheka, lakini subirini zamu yenu. Mtoto yuko mbele yako, mama analia, mtu yuko polisi, na wewe una lugha ya mtoto mdomoni. Nilijiona nitamaliza kazi kabla Sista hajavua glavu. Kabula akapiga magoti kuniamkia, kama tulivyolelewa. Nikamwinua, nikaanza kwa Kisukuma.

"Masanja amekuumiza?"

"Ee."

"Chumbani kwake?"

"Ee."

"Ilikuwa jana?"

"Ee."

"Alikwambia usiseme?"

"Ee."

Nikaandika yote, ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu wa mitihani. Sista alipotoka nilimpa daftari kama mtu anayeleta posa.

Akasoma amesimama. "Haya maneno ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto amesema 'chumbani'?"

"Amekubali."

"Sijauliza alichokubali. Amesema nini kwa mdomo wake?"

Nikatazama ukurasa. Kwa mdomo wake alikuwa amesema ee, mara kumi na kitu.

Sista akachuchumaa, akamtabasamia Kabula, akaniambia bila kugeuza kichwa, "Muulize kama wewe ni ng'ombe."

"Sista!"

"Muulize, Msukuma. Wala hutatukanwa, ni sifa kwenu."

Nikamuuliza. Kabula akanitazama kwa adabu zote. "Ee."

"Muulize kama mimi nina mkia."

"Ee."

Sista akasimama akasugua magoti. "Umesikia? Na hao wawili tuwapeleke polisi, ng'ombe na mwenye mkia?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Maana Mzaramo angeweza kutokujua, mimi sikuwa na kisingizio. Nimelelewa vilevile. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima "yaya", yaani hapana. Ukisema yaya kwa shangazi yako unalala na shavu la moto. Mtu mzima akiuliza, unaitika, hata kama hujasikia swali. Nilichukua adabu ya yule mtoto nikaifanya ushahidi. Mtu alikuwa amekaa polisi, na karatasi yangu ilikuwa ndiyo kufuli.

Tabibu wetu, mama mtulivu, akampima Kabula. Natamani muone anavyofanya, maana watu wanadhani kupima ni kukimbilia kule walikokuja kutazama. Alianza na masikio. Akatazama meno, akasikiliza moyo wa mama kwanza ili mtoto aone kifaa hakiumi. Kila hatua alisema anachotaka kufanya, na akamwambia akitaka aache, ainue mkono. Mama alikaa upande wa kichwa. Hakuna aliyemshika kwa nguvu. Hakuona jeraha popote. Mkojo ukaenda maabara, ukarudi na jibu ambalo watu wa huku tungelifikiria mapema kama tusingekuwa tumeshahukumu: kichocho. Mtoto alikuwa anaoga kwenye majaruba ya mpunga.

Nikaruka kwa furaha. "Basi! Hakuna kitu. Masanja aachiwe, mtoto apewe dawa, tufunge faili."

Sista akanitazama kama mtu anayehesabu makosa ya siku. "Saa nne umemfunga mtu. Saa sita umefunga faili. Unapenda kufunga wewe."

"Lakini mwili hauna kitu, Sista."

"Watoto wengi walioumizwa miili yao haionyeshi kitu. Inapona haraka, au alichofanyiwa hakiachi alama. Damu imepata jibu lake. Mama kasema nini kingine?"

Mama Kabula alikuwa amesema, akiwa analia, tena kama lawama: binti huyu zamani ukimtuma anakimbia, lakini tangu wakati wa mavuno amekuwa mvivu, ukimtuma anajificha, ukimchapa anajikojolea. Nilisikia, sikuandika. Niliona ni malalamiko ya mama.

"Kichocho kinaharibu mkojo," Sista akasema. "Hakimfanyi mtoto ajifiche akitumwa."

Mchana tukaanza upya. Tulitandika mkeka kwenye chumba kidogo cha pembeni, tukamwomba mama asubiri nje, siyo kwa kumshuku, ila mtoto akimwona mama analia anaanza kumtunza mama. Sista alimwita askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto, naye askari akavaa kanga juu ya sare yake, akakaa kona asikilize, ili Kabula asije kuulizwa upya kesho na keshokutwa. Enzi nilizoanza kazi mtoto alikuwa anaulizwa na mama, na mwenyekiti wa mtaa, na mwalimu, na nesi, na kila mpita njia mwenye huruma. Akifika mtu wa sita ameshajifunza kinachowafurahisha watu wazima. Siku hizi tunakaa pamoja, anaulizwa na mmoja. Mkilinda jambo moja katika kazi hii, lindeni hilo.

Sista hakujua Kisukuma, kwa hiyo muulizaji nilikuwa mimi tena. Tukakubaliana: yeye atakaa ubavuni kwangu amevua viatu, na kila nikitaka kusema kisichotakiwa atanikanyaga.

Kwanza nilimfundisha Kabula kunikosoa. Nikamwambia, "Hapa nikisema uongo, wewe sema yaya. Ni ruhusa. Mama amekubali, hakuna atakayekuchapa." Nikamwambia ana miaka ishirini. "Ee." Nikamwambia jina lake ni Masunga. Akatazama mlango. "Ee." Nilikaribia kukata tamaa. Nikamwambia, "Asubuhi mimi nimemkamua kuku wetu, akatoa maziwa ndoo nzima."

Akainama. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha, kwa sauti ya mbu, "Yaya."

"Kwa nini yaya?" nikauliza, nikakanyagwa. Lile "kwa nini" Sista hakulipenda, anasema mtoto analisikia kama kesi. Lakini Kabula alikuwa ameshafunguka. "Kuku anataga," akanieleza, kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mgeni.

"Sasa niambie habari za jana," nikasema. "Tangu ulipoamka, yote unayokumbuka."

Akaniambia. Uji ulikuwa wa moto. Mbuzi alikula ukindu wa mama. Mama akamtuma chumvi dukani. Akaenda kujificha nyuma ya choo.

Hapo akanyamaza. Na mimi, wanangu, maswali yalinijaa mdomoni kama karanga. Nikafungua mdomo. Mguu. Nikaufunga. Kimya kikakaa kati yetu, nikasikia mtu anasukuma toroli nje, nikasikia saa ya Sista. Nikafungua tena. Mguu, safari hii kwa kisigino. Sijawahi kukaa kimya kirefu hivyo, muulizeni mume wangu.

Mwisho nikasema tu, "Niambie zaidi kuhusu kujificha."

Na Kabula akaniambia. Hakulia. Alikuwa anachezea uzi wa mkeka, mara moja hata alicheka, alipofika kwenye paka wa dukani. Msitegemee machozi. Wapo watakaosema angekuwa ameumizwa asingecheka, na watasema hivyo kwa sababu hawajawahi kukaa kwenye ule mkeka. Alichosema sitakirudia hapa, ni chake. Niseme tu kwamba hakumtaja Masanja. Alimtaja mwenye duka.

Alipomaliza akauliza, "Mama atanichapa?"

Nilitaka kumwambia hapana, kamwe, nakuapia. Mguu wa Sista ulikuwa unasubiri. Nikamwambia kweli niliyokuwa nayo: "Sijui. Ila nitaongea naye mimi kabla hajakuona. Na umefanya vizuri kuniambia."

Nilipoanza kuandika nikataka kusafisha. Mtoto alitumia neno la nyumbani kwa sehemu ya mwili, mimi nikaandika maneno ya heshima ya semina. Sista akakata mstari. "Andika alivyosema. Kisukuma chake juu, Kiswahili chini." Tukaandika hivyo, pamoja na maswali yangu yote, hata lile la kuku.

Askari akatoka nje. Baba Furaha alikuwa bado kwenye benchi, anamuuliza kila anayepita, "Mtoto anaendeleaje?" Askari akamwomba afuatane naye polisi kwa maelezo kidogo. Akakubali upesi, akidhani ni mambo ya Masanja. Mimi nilisimama dirishani nikiwatazama, chupa tupu ya soda yake bado iko mezani kwangu. Nilikuwa nimezoea kufikiri mtu wa namna hiyo atakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa na sura ya jirani.

Nilimwendea Mama Kabula kama nilivyoahidi, akakataa kusadiki. "Baba Furaha? Huyu anayenibebea maji?" Kisha akakaa chini, akakumbuka kila chumvi, kila kiberiti alichomtuma mtoto, na kila fimbo aliyompiga alipokataa kwenda. Nikakaa chini kando yake. Nilikuwa nimeshajifunza kukaa kimya, angalau kwa siku hiyo. Tukapanga naye waende kulala kwa dada yake, mbali na lile duka.

Jioni ile nilishika ukurasa wa kwanza, ule wa ee, ambao Sista alikuwa ameshaongeza chini yake lile swali la ng'ombe, nikasema, "Sista, huu nauchana. Wakili akiuona atasema mtoto ni mwongo."

"Ukiuchana," akasema Sista Mwanaidi, na hapo hakuwa anatania, "nitakushitaki mimi. Umekosea, kosa lako litakaa hapo."

Akachukua stepla akabana kurasa zote mbili pamoja.

Masanja aliachiwa. Nilienda kumwomba radhi, nikamkuta anafua nguo zake nyekundu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, siku nyingine niulize mimi. Mimi yaya naijua." Hakucheka aliposema hivyo, wala mimi sikucheka.

Kesi ilipofika mahakamani niliitwa. Wakili wa utetezi hakupoteza muda, alikuja na ukurasa wa kwanza.

"Shahidi, mtoto alikuambia ameumizwa na Masanja?"

"Hapana. Nilisema mimi, yeye akaitika."

"Kwa hiyo uliuliza vibaya."

"Vibaya sana."

"Na mtoto huyuhuyu alikubali kwamba wewe ni ng'ombe?"

"Alikubali." Karani akainamisha kichwa mezani kuficha kicheko.

"Basi mahakama iamini ukurasa wa pili kwa sababu gani?"

Nilizitazama zile kurasa mbili zilizobanwa pamoja. Kabula hakuwa pale, alikuwa ameshatoa maelezo yake kwenye chumba cha faragha, lakini niliona kwamba mtoto yule anarudi nyumbani salama au harudi kulingana na kitakachotoka mdomoni mwangu. Nikasema, "Naomba mheshimiwa hakimu aweke kurasa zote mbili pamoja. Kwenye wa kwanza mistari mirefu ni yangu, yake ni neno moja. Kwenye wa pili yangu ni 'niambie zaidi', na mirefu ni yake. Nilikuwa bado sijui chochote kuhusu duka."

Hakimu akaziweka pamoja. Akasoma kwa muda mrefu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akaandika.

Baba Furaha alifungwa. Sijui kama ni kwa sababu ya kurasa zile, kulikuwa na ushahidi mwingine, na sitaki kujivika kilemba. Najua tu kwamba kama ningeuchana ule wa kwanza, mtu angeniuliza uko wapi, na wa pili ungekufa nao.

Mama Kabula alimpeleka binti yake kwa bibi yake, na mnajua ni wapi? Didia. Kwa hiyo msimu uliofuata, miguu iliponirudisha nyumbani, nikapita kuwaona. Nilimkuta Kabula shambani na bibi yake, wanang'oa karanga. Amerefuka, jino la mbele limeng'oka. Nikachuchumaa karibu naye, nikaanza. Unalala vizuri? Shule unaipenda? Dawa ulimaliza? Mwalimu wako anaitwa nani? Una rafiki?

Akajibu mawili ya kwanza. La tatu akaacha. Akang'oa shina, akalikung'uta udongo, akanitazama usoni.

"Yaya, anti. Unauliza sana. Ng'oa karanga."

Bibi yake akashtuka, akainua mkono. "We mtoto! Ndivyo unavyomjibu mtu mzima?"

Nikaushika ule mkono wa bibi kwa heshima zote, nikamwomba asimguse. Kisha nikakunja kanga, nikang'oa karanga.